Hadithi Iliyotoka Verandani

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Madam Nduku wa ofisi ya watoto ameniachia fomu yenye mistari mitano ya kuandika maendeleo ya mtoto. Mistari mitano! Mimi nikimpima mtu suruali tu namaliza maneno ya mistari kumi. Nimejinunulia daftari la kurasa tisini na sita, na humu nitaandika nipendavyo. Fomu itapata haki yake: anakula, analala, hana homa.

Mtoto mwenyewe anaitwa Nzisa, miaka minane. Mwezi wa nane alikutwa mjini Mlolongo ameketi mlangoni mwa kanisa na mfuko wa nailoni mapajani, akasema, "Mama yangu alikufa." Tangu siku hiyo hajasema mengi zaidi. Tumepewa tumlee hadi mwisho wa Disemba, kisha ofisi itaamua abaki kwetu ama aende makao ya watoto. Mishi, mke wangu, ndiye aliyekwenda kuandikisha jina letu. Watoto wetu wawili wanajitegemea, na alisema nyumba imekuwa kimya kama duka letu Ijumaa saa saba. Nikamuuliza, na mimi je, ninayesema kutwa nzima? Akanijibu, "Wewe ni redio, Baba Ramzi. Redio si mtu."

Nzisa analala na viatu miguuni. Ugali anaula nusu, nusu anautia mfukoni.

Jumatano, 8 Oktoba

Kuzungumza na mtoto asiyejibu ni kama kushona bila uzi. Kwa hiyo nimekusanya vipande vilivyobaki vya sare za shule nikashona wanyama wa kuenea kiganjani: sungura wa buluu ya mirabaraba, fisi wa kaki, swala wa kahawia, na kobe aliyetoka vibaya kidogo. Macho yao ni vifungo vya shati. Jioni Mishi huchambua mchele mkekani, mtoto pembeni yake. Mimi nakaa mbele yao na wanyama wangu. Mji mzima unajua kwamba kwa Yahya fundi unapimwa nguo na kupewa hadithi bure, na sheria yangu ni moja: naanza mimi, naikata katikati, msikilizaji anaimalizia. Marehemu babangu alitufanyia hivyo, na sijawahi kumwona mtoto anayeweza kuvumilia hadithi iliyokatwa.

Sungura ndiye mimi, bila shaka. Nimemwambia waziwazi.

Nzisa amevumilia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hakuna wingu, hakuna neno.

Jumapili, 12 Oktoba

Asubuhi Mishi alimpeleka kanisani. Sisi ni Waislamu, lakini mtoto alikuja na dini yake, na Mishi amesema hatuwezi kumpokea mtu kisha tukamvua na hicho alichobaki nacho. Humfikisha mlangoni, husimama nje juani akiongea na akina mama mpaka ibada iishe.

Jioni nikatoa hadithi ya fisi aliyetumbukia shimoni kwa ulafi. Nikamfunika fisi kwa bakuli na kuikata pale sungura anapocheka na kwenda zake. Nikajikuna, nikakohoa. Mara mkono mdogo ukanyooka, ukainua bakuli, ukamtoa fisi na kumweka mkekani.

"Ako na njaa tu," akasema.

Nilitaka kupiga kigelegele. Mishi alinikanyaga mguu nitulie.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua ya kwanza! Watu wamesimama barazani kunusa udongo, hata wanaodaiana wanasalimiana. Mishi amepanda maharagwe nyuma ya nyumba kabla hata matone hayajakolea. Nzisa peke yake alirudi ndani akakaa dirishani. Aliniuliza, "Hii mvua itaisha lini?" Nikacheka. Mtoto wa Ukambani anayetaka mvua iishe! Nikamwambia asiseme hivyo kwa sauti, majirani watamfukuza.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ameanza kumwita Mishi Susu, ndiyo nyanya kwa Kikamba. Mimi bado ni Fundi. Sina wivu.

Nina wivu.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo lazima niandike yote.

Mishi alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa. Mvua ilikuwa inapiga bati hata cherehani haisikiki. Nzisa alikuja verandani, akalifungua kopo la wanyama mwenyewe, akamtoa swala.

"Leo naanza mimi," akasema.

Nikauacha mguu wangu juu ya pedali bila kuikanyaga.

"Kulikuwa na swala na mtoto wake. Walikuwa na nyumba lakini kulikuwa na mwingine ndani anaumiza. Sasa wakatoroka."

Nikampa fisi. Akamrudisha koponi. "Si fisi. Fisi huwa na njaa. Huyu hana mnyama." Akatazama mezani, akauchukua mkasi wangu mkubwa, akauweka mkekani mbali na swala.

"Mama swala akapata kazi. Lakini huko watu wanalala kwa zamu kitanda moja, watoto hawakubaliwi. Akaficha mtoto kwa nyasi. Akamwambia, wakikuuliza, sema mama yangu alikufa. Mtoto hana mama anachukuliwa na watu wazuri. Mtoto ako na mama anarudishwa kwao, kwa yule. Akasema, mvua ikiisha nitakuja. Usitoke kwa nyasi."

Akanisukumia swala. "Maliza."

Mimi, Yahya, niliyekata hadithi elfu katikati, leo naambiwa nimalizie. Nikasema, "Mvua ikakatika, na mama swala akaja."

"Kweli?"

"Kweli."

"Na utaambia mtu?"

Nikachukua uzi mweusi nikaufunga kwenye mguu wa swala, fundo mara mbili, nikaukata kwa meno. Nikamwambia fundo langu halifunguki, aulize mji mzima. Akalivuta kwa kidole kulijaribu. Halikufunguka. Akasema, "Sawa, Babu."

Babu!

Nisijifiche kwenye daftari langu mwenyewe: nimejiona mkubwa. Madam Nduku ana vyeti ukutani na hakupata neno, na mimi nimelipata kwa kipande cha marinda. Hata Mishi sitamwambia. Fundo ni fundo.

Jumapili, 26 Oktoba

Leo tumevunja jungu, kesho kukijaliwa ni Ramadhani. Pilau ya Mishi ilikuwa na nyama laini hata meno hayakufanya kazi, nikala sahani tatu, mimi na umri wangu. Mishi na Nzisa walitoka na sahani zilizofunikwa kuwapelekea majirani.

Nikiwa nimeshiba hivyo walikuja akina mama saba wa kwaya kutoka Kalama kupimwa majoho ya Krismasi. Mvua ikawafungia verandani. "Fundi, tutoe baridi na hadithi basi." Nikawapa ya sungura na kisima, wakacheka kidogo tu, wanaijua. Nikawapa ya kobe, wanaijua pia. Nikaona wanatazama mvua.

Basi nikawapa ya swala. Sikutaja jina la mtu wala mahali. Ni swala tu, na mtoto wake nyasini, na mkasi mkekani. Nimesimulia miaka thelathini na sijawahi kusikilizwa namna ile. Mmoja aliiacha shuka yake idondoke kwenye tope asiiokote. Mwikali, yule mwenye sauti ya kwanza, alifuta machozi na kuuliza, "Na huyo mtoto aliokotewa wapi, Fundi? Hii hadithi ni kama naijua." Nikamwambia hadithi nzuri zote mtu huona kama anazijua. Wakanipigia makofi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mwezi umeandama. Funga ya kwanza. Mvua kutwa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Kuna kitu kinanikereketa tangu Jumapili na sijui ni nini.

Najua ni nini.

Jumanne, 4 Novemba

Madam Nduku alikuja saa kumi na mwavuli uliopinduka, tope hadi magotini. Hakuvua hata viatu. Alisimama mlangoni na kumwambia Nzisa mbele yangu, kwa upole, na upole ule ndio ulioniua:

"Nzisa, mama yako anaitwa Kamanthe, sindio? Na hajakufa. Baba yako amekuja ofisini kutoka Kalama. Amesikia mahali uliko. Ati hata kuna hadithi ya swala umekuwa ukisema."

Nzisa alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini polepole bila kumwaga. Hakulia. Mtoto akilia unajua pa kuanzia.

Madam akanieleza kwamba mzazi akiwepo mambo hubadilika. Baba anamtaka mwanawe, na tarehe moja Disemba watakutana ofisini. Kama mtoto ana jambo la kusema juu ya nyumba ile, aliseme siku hiyo. Asiposema, yeye Madam hana la kuandika. Akamtazama Nzisa, na Nzisa akatazama sakafu.

Alipoondoka, Mishi alikuwa jikoni anakaanga kaimati za futari, mafuta yanalia, hakusikia kitu. Nzisa akanijia mpaka karibu kabisa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nani alisema?"

Hapo ndipo. Nilikuwa na nafasi ya kupumua mara moja au mbili. Ningeweza kusema ni mimi. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Pazia la mlangoni halizuii sauti, na Susu yako husimama na wale akina mama wa kanisani kila Jumapili."

Hivyo tu. Nimeyageuza maneno yale ndani na nje kama nguo inayotafutwa kasoro, na kila neno ni la kweli. Mishi husimama nao. Husimama nao kila Jumapili, juani, kwa ajili ya mtoto huyu. Na huo ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuusema. Mishi hajui hata kwamba palikuwa na swala.

Nimesema hivyo nikiwa nimefunga. Nina miaka hamsini na tisa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi: methali hii nimewapa wateja mara ngapi, huku vifungo mdomoni, nikijiona mwenye hekima. Naona aibu kushika hata kalamu.

Jumatano, 5 Novemba

Amelala na viatu.

Ijumaa, 7 Novemba

Hataki Mishi amsuke. Amekaa na nywele nusu zimefumuliwa. Wanyama wote amewarudisha koponi, isipokuwa swala. Sijui amemweka wapi. Mimi ni Fundi tena, lakini mimi ananisalimia. Mishi hamsalimii.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua. Kila mtu anamshukuru Mungu. Maharagwe ya Mishi yamekaza majani.

Alhamisi, 13 Novemba

Mishi ameniuliza, "Labda nilimsuka kwa nguvu. Ama nilimkaripia nikasahau. Wewe unayewajua watoto, niambie nimekosea wapi."

Nikamwambia watoto ndivyo walivyo, wataka subira. Nilisema hivyo, Mwenyezi Mungu anisamehe, kwa sauti ya mwalimu.

Jumapili, 16 Novemba

Nzisa amekataa kwenda kanisani. Mishi alikuwa ameshajitanda buibui. Amelivua, amelitundika, amekwenda kupalilia maharagwe kwenye matope.

Alhamisi, 20 Novemba

Mwikali alikuja kuchukua joho lake. Nilitaka avae, ajitazame, aende. Lakini yeye ni mtu wa maneno kama mimi.

"Fundi, ile hadithi yako ilinikaa kwa roho! Nilifika Kalama nikawaza, huyu mnayemlea si mtoto wa Kamanthe aliyepotea? Nikamwambia babake. Mtoto akiwa na mzazi asilelewe na watu kama yatima. Nilifanya vizuri, ama?"

Sikumjibu, kwa sababu Mishi alikuwa amesimama kwenye mlango wa kuingilia ndani, mikono ina povu la sabuni. Sijui alikuwa pale tangu lini. Tangu mwanzo, nadhani.

Mwikali akaenda. Mishi akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Hadithi gani?" akauliza.

Nikamwambia. Swala, nyasi, mkasi, fundo, pilau, kwaya. Nikafika siku ya Madam Nduku na kukwama. Akasema, "Endelea." Nikamwambia na lile la akina mama wa kanisani. Nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu.

Mishi hakunifokea. Ningependa angefoka. Alisema, "Kumbe wiki mbili hizi nimevaa shati lako. Chafu, tena bila kujua." Kisha akasema, "Mwambie mtoto."

"Nitamwambia."

"Leo, Baba Ramzi."

Nikasema baada ya magharibi. Baada ya magharibi nikasema asubuhi.

Ijumaa, 21 Novemba

Sijamwambia.

Jumamosi, 22 Novemba

Sijamwambia. Mishi ananipikia futari, ananiwekea mkekani, naye anakwenda kula jikoni. Nzisa anakula verandani. Nyumba ya watu watatu, mikeka mitatu.

Jumatatu, 24 Novemba

Madam Nduku amepita kukumbusha tarehe. Ameniambia barazani, "Mzee, yule mtoto ako na alama ya moto kwa mkono. Nimeuliza mara tatu, ananyamaza. Nikikosa neno lake, nitampeana kwa babake na roho itaniuma. Wewe anakuongelesha. Jaribu."

Ananiongelesha! Ananiambia "habari ya asubuhi, Fundi" kwa sababu anadhani sikumtenda kitu. Imani yote iliyobaki kwa mtoto huyu imekaa juu ya uongo wangu, na nikiuondoa inaanguka. Hii ndiyo sababu niliyojipa ya kutosema. Nimeiandika ili niione, na sasa nimeiona: hata hii ni kujitetea. Anayeumia ni Mishi, na atakayerudishwa Kalama na kinywa kilichofungwa ni Nzisa. Mimi naogopa macho yake tu.

Jumatano, 26 Novemba. Idd

Nimeswali Idd nikiwa katikati ya watu wenye kanzu zilizonyooka, nyingi nimezishona mimi, na kila aliyenikumbatia kunipa mkono wa Idd nilitaka kumwambia asiniguse.

Nzisa nilikuwa nimemshonea gauni la manjano. Lilikuwa kitandani, limekunjwa, halijaguswa. Yeye alikuwa sakafuni kwenye kona, magoti kidevuni. Nikakaa sakafuni pia, magoti yangu yakilia. Nikamtoa sungura mfukoni, maana nilikuwa nimejipanga usiku kucha.

"Palikuwa na sungura," nikaanza, "aliyekabidhiwa kitu na—"

"Usiweke mnyama," akasema Nzisa. "Sema."

Miaka thelathini nimewaambia watu kwamba mnyama humsaidia mtoto kusema lisilosemeka. Sikujua kwamba humsaidia pia mtu mzima kujificha. Nikamrudisha sungura mfukoni.

"Mimi ndiye niliyesema," nikamwambia. "Si Susu. Susu hakujua lolote. Niliwaambia wale mama wa kwaya verandani, halafu ulipouliza nikakufanya udhani ni yeye."

Hakusogea. "Kwa nini uliwaambia?"

Nikatafuta neno zuri. Halikuwapo. "Nilitaka wanisikilize. Walikuwa wanatazama mvua."

Huko nje watoto wa jirani walikuwa wanapuliza filimbi.

Nikasema, "Mimi ndiye fisi wa hadithi hii, Nzisa," na ndani yangu, nakiri, kulikuwa na sehemu ndogo iliyosubiri auinue mkono wake kama siku ile, anitoe chini ya bakuli.

Akanitazama. "Fisi huwa na njaa," akasema. "Wewe ulikuwa umekula pilau."

Akainuka, akanipita, akaenda jikoni. Niliwasikia. Hakumwambia Mishi kitu, wala Mishi hakumuuliza. Baada ya muda nikasikia kiti kikivutwa na Mishi akisema, "Kaa hapa chini ya miguu yangu, hizi nywele zimekuwa msitu." Nikabaki sakafuni siku ya Idd nikilia, na sikutaka mtu aje kuninyamazisha.

Alhamisi, 27 Novemba

Ananipita kama meza.

Jumatatu, 1 Disemba

Tulikwenda ofisini sote watatu, mvua ya manyunyu. Babake alikuwa amefika mapema, koti safi, kofia mkononi. Nilitarajia mtu mwenye sura ya kutisha. Ana sura ya mteja. Alinipa mikono miwili, "Asante kwa kunitunzia mtoto, mzee wangu."

Madam Nduku akamuuliza Nzisa kama kuna jambo angependa kusema. Nzisa alikuwa ameshika pindo la buibui la Mishi. Akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye korido:

"Nitasema. Baba atoke. Susu abaki. Na Fundi atoke."

Madam akanitazama kwa mshangao, maana kwenye fomu zangu nilikuwa nimejiandika kuwa mtoto ananiamini sana. Nikatoka.

Korido ina benchi moja. Tukakaa, mimi na babake, bega kwa bega, wanaume wawili waliotolewa nje na mtoto mmoja. Ndani sauti ya Nzisa ilikuwa inakwenda bila kukatika. Sikusikia maneno ila moja, sufuria, mara mbili. Yule bwana naye alilisikia. Akaizungusha kofia yake magotini, akanigeukia.

"Hawa watoto, mzee," akasema. "Sisi tumewakosea nini?"

Sisi. Nilitaka kumwambia mimi si wa upande wake. Mkono wangu haujamchoma mtoto. Lakini benchi lilikuwa moja, na aliyeniketisha pale alijua anachofanya. Nikamjibu, "Mimi najua nililomkosea. Wewe je?" Akaacha kuizungusha kofia.

Mlango ulifunguliwa baada ya karibu saa nzima. Macho ya Mishi yalikuwa mekundu. Madam Nduku akasema mtoto harudi Kalama, jambo linakwenda kwa hakimu, na kwamba atamtafuta mama kimyakimya kwenye viwanda vya Athi River. Nzisa amempa kila kitu: jina la mtaa, rangi ya geti, zamu ya mama. Amempa yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Mimi hadithi yake niliipeleka kwa watu wasiohusika ili nipigiwe makofi.

Jumanne, 9 Disemba

Mvua. Nimefuta kwenye fomu ile sentensi ya kuaminiwa. Madam amesema si lazima. Nimemwambia ni lazima.

Jumapili, 14 Disemba

Mvua imekatika. Jua tangu asubuhi. Nzisa amekaa getini, na swala mkononi. Kumbe alikuwa amemficha ndani ya kiatu, siku zote hizo.

Jumatatu, 15 Disemba

Getini.

Jumanne, 16 Disemba

Getini. Mishi amempelekea uji huko huko, wakanywa wote wawili wamekaa juu ya tofali. Mimi niliapa kwamba mama swala atakuja. Nilikuwa na haki gani ya kuapa?

Alhamisi, 18 Disemba

Amekuja. Mwanamke mwembamba, leso kichwani, amefuatana na Madam Nduku. Alisimama nje ya geti asiingie, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Nzisa hakukimbia. Alimwendea hatua kwa hatua, akamshika mkono, akaunusa. Ndipo Kamanthe akaketi chini pale pale barabarani.

Anashona kwenye kiwanda, mifuko ya suruali, mifuko tu, mamia kwa siku. Aliomba radhi kwa Mishi mara nyingi kwa ule uongo wa kufa. Mishi akamwambia, "Mama yangu, katika nyumba hii uongo wako ndio mdogo." Hakunitazama aliposema. Hakuhitaji.

Atakuja kila Jumapili. Ameahidiwa chumba cha peke yake Januari, na Madam amekubali Nzisa akae kwetu hadi hapo. Kabla hajaondoka alimchukua swala, akamgeuza, akatazama mshono kama fundi atazamavyo kazi ya fundi mwenzake. "Hili fundo ni la nguvu," akasema. Nzisa akanitazama kutoka upande wa pili wa mkeka. Nikashusha macho.

Jumatatu, 29 Disemba

Veranda imejaa. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, kila mzazi anataka sare jana. Mwikali alikuja na wanawe watatu kupimwa. Alikuwa amesikia kilichojiri, akaniomba msamaha, nikamwambia yeye alichukua tu nilichomwaga. Ili kubadilisha mazungumzo akasema kwa sauti ya kuwachangamsha wote, "Fundi, basi tupe hadithi, foleni ni refu!"

Wote wakageuka. Watu kama kumi na tano, na watoto. Na ninayo. Nina hadithi ya mvua, geti, na mama aliyenuswa mkono, tamu kuliko zote, ingewatoa machozi hadi wa nyuma kabisa. Niliisikia inapanda.

"Leo sina," nikasema.

"Fundi Yahya hana hadithi! Umeugua?"

"Sina," nikasema tena, nikakanyaga pedali.

Pazia la mlangoni lilitikisika kidogo. Sikugeuka.

Jioni wateja walipokwisha, Nzisa alikuja akaokota vipande sakafuni kama siku zile za mwanzo. Akavipanga kwa rangi. Kisha akasimama kando ya cherehani, akaweka mkono juu ya gurudumu lisizunguke, akaniinamia sikioni na kunipa hadithi. Fupi, labda dakika mbili. Ina mnyama mmoja tu. Aliikata katikati, akaniambia nifikirie mwisho, asinisikie nikiuharakisha, akaenda kumsaidia Mishi kuchuma maharagwe.

Sitaiandika hapa.